Uzi: Maneno adimu ya Kiingereza, maana zake na jinsi yanavyotamkwa (tuanze na yale yaliyotuaibisha)

Karani wa Ujiji

Wakuu, heshima kwenu.

Wiki mbili zilizopita, katika kikao cha jioni cha watu wachache tunaosoma pamoja hapa Ujiji, nilipewa zamu ya kusoma kwa sauti kurasa za Kiingereza cha karne ya 19 zinazohusu misafara iliyokuwa ikitoka pwani kuja Ziwa Tanganyika. Kurasa za namna hiyo hazikosi habari za chakula, na neno "victuals" lilikuwa likirudi kila baada ya aya mbili tatu. Nililisoma kama lilivyoandikwa, "vik-tu-alz", tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Nilipolifikia mara ya nne, binti mmoja mwalimu aliyeketi pembeni yangu aliinama akaninong'oneza, "Samahani baba, wenyewe hilo husema vitlz." Sikuamini mpaka nilipofika nyumbani nikafungua kamusi.

Binti alikuwa sahihi. "Victuals" ni vyakula, hasa akiba ya chakula cha safari au cha jeshi. Ili ulitamke, anza kama mtu anayetaka kusema "vitu", umeze ile u, kisha umalizie na l na z. Waingereza walilipokea neno hili kutoka Kifaransa cha kale likiwa halina c hata moja, na wakalitamka hivyo vizazi kwa vizazi. Baadaye wasomi waliokuwa wakikienzi Kilatini waliipachika c katika maandishi ili asili yake ionekane, lakini midomo ya watu haikujishughulisha na pambo hilo. Kwa mtindo huohuo "debt" ilipewa b na "receipt" ikapewa p, na ndiyo sababu "indict", yaani kumfungulia mtu mashitaka rasmi, hutamkwa "indait" huku c imekaa katikati kama mgeni asiyesalimiwa.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiwaza jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niufungue uzi huu. Wazee wetu, ambao wengi wao hawakupata kuyaona maneno haya yakiwa yameandikwa, hawakukosea. Walisema "risiti", wala p haikuwapo. Walisema "jela", wakati Mwingereza wa zamani aliandika "gaol", neno ambalo anayelisoma kwa macho atasema "gaoli" na kuchekwa, ilhali hutamkwa sawasawa na "jail". Sura moja ilitoka katika Kifaransa cha Normandy na nyingine katika Kifaransa cha Paris, na sauti ikawa moja. Walisema "kanali", bila ile l ya katikati inayoonekana katika "colonel". Neno hilo lilitoka Italia likiwa na l, likapita Ufaransa ambako l ya kwanza iligeuzwa kuwa r, Waingereza wakaizoea sauti ya Kifaransa, kisha waandishi wakairudisha tahajia ya Kiitaliano. Matokeo yake ni kwamba leo "colonel" na "kernel", yaani kiini cha kokwa au cha punje, hutamkwa sawa.

Lililonichekesha zaidi ni la dukani. Kila mzazi hapa amewahi kutumwa kaunta buku ya kwaya mbili au kwaya tatu. Miaka yote nilidhani wauza vifaa vya shule wameliharibu neno fulani. Kumbe "quire" ni kipimo cha karatasi, karatasi 24, na hutamkwa sawasawa kabisa na "choir", ile kwaya ya kanisani, ambayo nayo zamani iliwahi kuandikwa "quire". Muuza duka wa Mwanga alikuwa sahihi kuliko mimi niliyesoma.

Naomba tukusanye mengine. Yeyote atakayeleta neno alete maana yake, alete sauti yake kwa herufi zetu, na kama anajua kilichoifanya sauti itengane na maandishi, asituache gizani.

Baharia Mstaafu

Shikamoo mzee Karani, ikiwa umri wako unanizidi. Ikiwa hauzidi, basi nakudai.

Nimetumika melini katika ziwa hili miaka mingi, na nakuhakikishia kwamba hakuna eneo ambalo Kiingereza kimedanganya macho kama lugha ya majini. Mkuu wa mabaharia wa sitaha, ambaye Waswahili wa pwani humwita serahangi, huandikwa "boatswain" na hutamkwa "bosn". Anayeshika usukani wa mashua huandikwa "coxswain" na hutamkwa "koksn". Sehemu ya mbele ya meli, upande wa omo, ambako mabaharia walikuwa wakilala, ni "forecastle", na humsikii mtu wa melini akisema zaidi ya "fouksl". Upande wa demani, yaani ule unaokingwa na upepo, ni "leeward", nao hutamkwa "luad". Ukingo wa juu wa ubavu wa mashua, pale mvuvi wa dagaa anapoegemeza mkono akivuta wavu, ni "gunwale", tamka "ganl"; jina hilo lilitokana na mbao zilizobeba mizinga katika meli za vita, lakini leo hata mtumbwi usio na bunduki una "gunwale" yake. Kishwara cha kushikia kasia ni "rowlock", na anayesema "rou-lok" atajulikana mara moja kuwa hajawahi kupiga kasia na wenyewe, kwa maana wao husema "rolək". Ile herufi iliyopinduliwa nimeiiga kutoka kamusini. Atakayeijua vizuri atueleze.

Sababu ni rahisi. Maneno haya yaliishi sitahani, yakipigiwa kelele katika upepo, na neno linalopigiwa kelele kila siku hukatika pembe. Maofisini yalibaki na pembe zake zote.

Niongeze moja ambalo sauti yake haina matata lakini maana yake inatuhusu sisi wa Kigoma moja kwa moja. "Scuttle", tamka "skatl", ni kuizamisha meli yako mwenyewe kwa makusudi, kwa kuitoboa au kuyafungulia maji, ili adui asiitwae. Mnaijua habari ya meli yetu ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Julai 1916 Wajerumani, walipoona mji unawaponyoka, waliipaka mitambo grisi nene na kuizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi. Waingereza waliiibua mwaka 1924 na ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina hili tulilonalo. Anayeandika kwamba meli hiyo "sank" mwaka 1916 hajakosea sarufi, lakini amelificha jambo lenyewe, kwa sababu meli inayozama kwa dhoruba haipakwi grisi kwanza.

Mtu wa Gungu

Ndugu zangu, sipendi kuwa mtu wa kuharibu shughuli, lakini nauliza kwa dhati: haya yanatusaidia nini? Mwanafunzi wa kidato cha nne bado anahangaika na maneno ya kawaida, nasi tunamletea vishwara vya Kiingereza. Nimewahi kukaa mbele ya jopo la usaili ambalo mmoja wao alinitupia neno refu ambalo, nina hakika, hata yeye alilijua asubuhi ile ile. Maneno adimu katika nchi yetu hutumika kumnyamazisha mtu kuliko kumweleza. Kuna neno moja la herufi 29 ambalo vijana hulikariri ili waonekane wamesoma, nami sijawahi kuliona likifanya kazi yoyote.

Karani wa Ujiji

Mkuu wa Gungu, neno unalolilaumu bila shaka ni "floccinaucinihilipilification". Maana yake ni kitendo cha kukihesabu kitu kuwa hakina thamani, kwa hiyo kwa aya yako moja umelipatia kazi. Vipande vyake vinne vya mwanzo ni maneno ya Kilatini ya vitu visivyo na uzito: nyuzi za sufu, kitu duni kisicho na maana, si chochote, na unywele, ambao ndio "pili". Limeonekana katika barua ya William Shenstone ya mwaka 1741, na kwa herufi zetu tungeliandika "floksi-nosi-nihili-pili-fikeishn".

Kuhusu jopo la usaili, hapo niko upande wako. Kwa watu wa namna ile Kiingereza kimetayarisha jina: "sesquipedalian", tamka "seskwipideilian", mpenda maneno marefu. Asili yake ni mshairi wa Kirumi Horace, aliyeyadhihaki maneno yenye urefu wa futi moja na nusu.

Nyuki wa Unyanyembe

Nasoma kutoka Tabora, na nimeona mmezungumza maji tupu. Acheni nilete udongo.

Neno langu ni "petrichor". Huku kwetu, kuanzia Agosti hadi Oktoba, ardhi hukauka mpaka ikalia chini ya viatu, na mvua ya kwanza inapoigusa hupanda harufu ambayo mtu aliyekulia hapa ataitambua hata akiwa amefumba macho mwisho wa dunia. Sisi husema harufu ya mvua, au harufu ya udongo uliolowa, na tunaridhika. Kiingereza kilikaa karne nyingi bila jina la harufu hiyo, na lilipopatikana halikutoka Uingereza. Mwaka 1964 watafiti wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, walieleza katika jarida la Nature kwamba wakati wa ukame mawe na udongo hufyonza mafuta yanayotoka katika mimea, na unyevu unapofika mafuta hayo huachiliwa hewani. Walilibuni jina kutoka Kigiriki: "petra" ni jiwe, na "ichor" ni kile kioevu ambacho Wagiriki wa kale waliamini kwamba hutiririka katika mishipa ya miungu badala ya damu. Tamka "petrikoo", mkazo ukiwa mwanzoni. Ile ch ni k, kama kawaida ya maneno ya Kigiriki, na anayesema "petricho" amekosea.

Nyuki nao wana msamiati wao. "Apiary", tamka "eipiari", ni mahali pa kufugia nyuki. "Skep" ni mzinga wa kale wa Ulaya uliosukwa kwa majani makavu, kama kapu lililofunikwa kifudifudi. Wenzao walisuka, babu zetu walibandua magome. "Propolis", mkazo katika "pro", ni gundi ambayo nyuki huziba nayo nyufa. Kwa Kigiriki ni kitu kilicho mbele ya mji, na aliyewahi kuona nyuki walivyoupunguza mlango wa mzinga kwa gundi hiyo haulizi kwa nini jina lilikuwa hilo.

Na kwa ndugu wa Gungu, nina swali dogo. Je, unajua kwamba katika kamusi kubwa za Kiingereza, kati ya maneno ambayo Mwingereza wa kawaida hajawahi kuyasikia, yamo yetu? "Miombo" imo, ikiwa jina la misitu hii inayotuzunguka, nao huisema "mi-ombou" kwa kushindwa kuifunga o yetu. "Boma" imo, "askari" imo, "panga" imo. Kwa msomaji wa London sisi ndio maneno adimu.

Jambo moja la historia ambalo hunifurahisha kila ninapolikumbuka: wasafiri Waingereza Burton na Speke waliingia Kaze, ndiyo Tabora hii, Novemba 1857. Mwezi huohuo, katika Chama cha Filolojia, yaani elimu ya lugha, cha London, Richard Chenevix Trench alisoma hotuba kuhusu mapungufu ya kamusi za Kiingereza, akilalamika pamoja na mengine kwamba maneno yaliyochakaa yameachwa nje. Kutoka hapo ndipo ilipoanza safari ya kamusi kubwa ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1884 na ya mwisho mwaka 1928, ikiwa na maneno 414,825. Msafara wa miaka zaidi ya sabini. Hata wapagazi wetu hawakuwahi kutembea kiasi hicho.

Mwalimu wa Kasulu

Nimeisoma mada yote kwa furaha, na nina masahihisho mawili kabla ya mchango wangu.

La kwanza ni la "quire". Karatasi 24 ni hesabu ya zamani, na kwa hesabu hiyo rimu, yaani kwaya 20, ilikuwa na karatasi 480. Siku hizi wauza karatasi huhesabu kwaya kuwa karatasi 25, ndiyo maana rimu unayoinunua leo ina karatasi 500. Kaunta buku, hata hivyo, imebaki na hesabu ya kale: karatasi 24 zikikunjwa katikati hutoa kurasa 96, na kwaya tatu ni kurasa 288. Hesabuni mtaona.

La pili, tusiwape wazee sifa kupita kiasi. Sikio liliwasaidia kwa vokali na konsonanti, lakini mkazo waliuhamisha, na walikuwa na haki ya kuuhamisha kwa sababu walikuwa wakijenga Kiswahili. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, karibu bila kukosa. Kiingereza huutembeza: katika "photograph" uko silabi ya kwanza, katika "photography" umehamia ya pili, na katika "photographic" umefika ya tatu. Wanafunzi wangu wanaposhindwa kueleweka, mara nyingi kila herufi wameitamka vizuri na mkazo ndio umekaa nyumba ya jirani. Kwa hiyo anayefungua kamusi kutafuta sauti ya neno adimu atafute kwanza kile kistari kidogo cha juu, ambacho husimama kabla ya silabi yenye mkazo.

Baharia ameuliza kuhusu ile herufi iliyopinduliwa, ə. Jina lake ni "schwa", tamka "shwa", lililotoka katika sarufi ya Kiebrania. Ni irabu ya uvivu: mdomo haukunjuki wala haukunjiki, ulimi umelala katikati. Ndiyo irabu inayosikika mara nyingi kuliko zote katika Kiingereza, na Kiswahili hakina. Sisi huiweka a mahali pake, na ndivyo ilivyozaliwa "kanali". Alama hizi ni za mfumo wa chama cha kimataifa cha fonetiki kilichoanzishwa Paris mwaka 1886, na ajabu ni kwamba ile kamusi ya Oxford aliyoitaja ndugu wa Tabora ilitumia alama zake yenyewe mpaka toleo la pili la mwaka 1989.

Sasa mchango. Mnayo fikra kwamba neno refu ndilo gumu, nami nasema kwa Mswahili ni kinyume chake. Katika tamthilia ya Shakespeare iitwayo Love's Labour's Lost limo neno "honorificabilitudinitatibus", la herufi 27, ambalo kiini chake ni hali ya kustahili kupewa heshima. Tazameni: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kukosa kupishana hata mara moja. Ho-no-ri-fi-ka-bi-li-tu-di-ni-ta-ti-bas. Ukiiondoa s ya mwisho, umbo lake ni kama la neno letu. Nililiandika ubaoni, na darasa zima likalisoma bila kujikwaa, lile neno ambalo Waingereza hulikwepa. Kisha nikaandika "strengths", neno la kawaida kabisa, herufi 9 na irabu moja. Hapo ndipo niliposikia "sitirengithisi" za kila aina.

Mtu wa Gungu

Nimekubali kuhusu "scuttle", na lile la mkazo nitalifanyia kazi, Mwalimu. La jopo la usaili sijalisamehe.

Lakini nina swali jingine. Mnaziamini kamusi kama msahafu. Haziwezi kukosea?

Karani wa Ujiji

Hukosea, mkuu. Kamusi ya Webster ya mwaka 1934, toleo la pili, ilikuwa na neno "dord", likielezwa kuwa na maana ya densiti katika fizikia na kemia. Halikuwahi kuwapo. Kikaratasi kilichoandikwa "D or d", yaani D kubwa au d ndogo kama kifupisho, kilipotelea katika rundo la maneno, mtu akayaunganisha, mwingine akalipatia neno hilo matamshi, likachapishwa. Mhariri aliligundua mwaka 1939 baada ya kuona kwamba halina asili yoyote. Maneno ya namna hiyo huitwa mizimu. Fikirini tu, kuna mtu alikaa mezani akaamua jinsi lisilokuwapo linavyotamkwa.

Baharia Mstaafu

Moja la mwisho kutoka kwangu, kwa sababu wageni wanaokuja kuogelea huku hulitaja kila siku. Samaki wengi wa ziwa hili, akiwamo kuhe tunayemla, ni wa jamii inayoandikwa "cichlid". Nimesikia "sichlidi", "chichilidi", hata "kiklidi".

Mwalimu wa Kasulu

Ni "siklid", mzee wangu. C ya kwanza ni s kwa sababu imefuatwa na i, na ch ni k kwa sababu ni ya Kigiriki, kama katika "petrichor". Kuhe ni miongoni mwa wakubwa kabisa katika jamii hiyo. Lakini usiipeleke kanuni hiyo Gombe: "chimpanzee" haikutoka Ugiriki, ilitoka katika lugha za Kibantu za magharibi mwa Afrika ya Kati, na ch yake ni ch yetu.

Karani wa Ujiji

Nimeyanakili yote katika kaunta buku ya kwaya mbili. Alhamisi ni zamu yangu tena ya kusoma, na nimechungulia ukurasa wa kwanza: mstari wa sita una "gunwale". Binti mwalimu atakuwapo. Sijamwambia kitu.